Tovuti yangu ya dagaa haionekani Google, na fundi anataka laki nne na nusu

SWALI

Kaka, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ujiji, na huu ni mwaka wa tisa nafanya biashara ya dagaa. Nilianza kwa kununua beseni moja moja mwaloni Kibirizi na kupanga mafungu sokoni. Sasa namshukuru Mungu nina kibanda changu, nina kina mama wawili wanaonisaidia kuanika na kuchambua, nauza dagaa wakavu, migebuka wa kukausha na mawese. Mzigo mkubwa unakwenda Dar es Salaam na Dodoma kwa basi, mara chache kwa treni.

Mwaka jana nilikopa shilingi 650,000 kwenye kikoba chetu nikamlipa kijana mmoja anitengenezee tovuti. Nilishawishika kwa sababu wateja wa Dar walikuwa wananiambia, "Mama, tumekutafuta Google hatukuoni, bila shemeji kutupa namba tungekupataje?" Tovuti ikatoka nzuri kwa macho. Ina picha za ziwa, ina mitumbwi, ina maneno ya Kiingereza ya kukaribisha wageni. Mkopo nimemaliza kuulipa mwezi wa tatu.

Lakini kaka, miezi kumi na moja imepita hajaja mteja hata mmoja kupitia hiyo tovuti. Nikiandika "dagaa wa Kigoma" wanatokea watu wengine, na baadhi yao hata Kigoma hawapo, wako Dar na wananunua kwetu sisi. Nikiandika jina la duka langu lenyewe, sioni kitu.

Nikamrudia fundi. Akasema kutengeneza tovuti ni kazi moja na kuipandisha ni kazi nyingine. Nimlipe shilingi 450,000 ataniweka namba moja Google ndani ya siku saba, kwa dhamana. Amenitumia karatasi ya kazi atakazofanya: maneno muhimu 200, viungo 1,000 kutoka tovuti za nje, na kunisajili kwenye ramani kwamba niko Kariakoo ili watu wa Dar wanione. Mume wangu anasema niifunge tovuti nibaki na WhatsApp, maana wateja wangu wote wako huko. Kikoba kinagawa mikopo mwisho wa mwezi huu na jina langu nimeshaliandikisha.

Nikope? Au niifunge? Na yale maneno ya Kiingereza, ambayo mimi mwenyewe siyaelewi vizuri, yana faida yoyote? Anwani ya tovuti nimeiandika chini, naomba usiichapishe.

Mama wa dagaa, Ujiji

JIBU

Dada yangu, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mpigie mweka hazina wa kikoba akuondoe kwenye orodha ya mkopo. Tovuti usiifunge. Sababu ninakupa sasa hivi, na ya kwanza itakuuma kidogo.

Jana usiku niliifungua tovuti yako. Kisha nikaenda Google nikaandika neno site, nukta pacha, halafu anwani yako, vyote vimeshikana bila nafasi. Ukiandika hivyo unamuuliza Google, "Una kurasa zipi za tovuti hii?" Jibu likaja kwamba hana hata moja. Nikarudi kwenye tovuti, nikawasha kompyuta, nikabonyeza Ctrl na U ili nione maandishi ya ndani ambayo msomaji wa kawaida hayaoni. Huko juu kabisa kuna neno moja: noindex.

Neno hilo ndilo limekula miezi yako kumi na moja. Google ana programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana, zinasoma kurasa na kuziingiza kwenye orodha yake kubwa. Mtu anapotafuta kitu, Google haendi mtandaoni wakati huo, anaangalia kwenye orodha ile. Ukurasa wenye noindex unamwambia, "Soma, lakini usiniandike." Naye anatii. Umepanga dagaa wako mezani vizuri, halafu mtu amefunika meza kwa turubai na kuondoka.

Sitaki kumhukumu kijana wako. Tovuti yako imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na kule kwenye mipangilio, sehemu inayoitwa Reading, kuna kisanduku cha kuzuia injini za kutafutia. Mafundi wengi hukiwekea alama wakati wa ujenzi ili kazi isionekane ikiwa nusu, na wengine husahau kuiondoa wakishamaliza. Makosa hayo huwapata hata wenye uzoefu. Ila kukiondoa ni kazi ya dakika moja, na ni sehemu ya ile 650,000 uliyokwisha kulipa. Usikubali kuitolea hela nyingine. Mwambie kwa upole, na mwambie mkiwa mmekaa wote, simu iko mkononi mwako, uone alama ikitoka.

Siku hiyohiyo mwombe vitu viwili zaidi: nywila ya kuingilia kwenye tovuti, na uthibitisho kwamba anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Nimeona wafanyabiashara wakikosana na fundi halafu wanagundua kwamba jina la duka lao mtandaoni ni mali yake. Maliza hilo mkiwa bado mnasalimiana.

Kisha akuunganishe na Google Search Console. Ni huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Utampelekea Google ramani ya tovuti yako, yaani orodha ya kurasa zake, utamwomba asome kurasa zako, na baada ya hapo utakuwa unaona watu waliandika maneno gani mpaka ukatokea, ulitokea nafasi ya ngapi, na wangapi walibonyeza. Hakuna karatasi ya fundi itakayokuambia ukweli kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye dhamana ya namba moja kwa siku saba. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kumdhaminia mwenzake nafasi ya kwanza. Nafasi hizo za kawaida haziuzwi. Kinachouzwa ni tangazo, ambalo huwekewa alama kwamba limelipiwa, na linatoweka hela ikiisha. Kwa hiyo mtu anayekuahidi siku saba ana njia chache za kukuonyesha kitu kinachofanana na ahadi. Atanunua tangazo la wiki moja. Au atatafuta jina refu la duka lako, ambalo duniani hakuna mwingine analo, na bila shaka utakuwa wa kwanza, hasa akishaondoa ile noindex. Au atakuonyesha kwenye simu yako mwenyewe, ambayo imekwisha kuzoea kuifungua tovuti yako. Mwaka 2017 Google walitoa ushauri kwa watu wanaotaka kuajiri wataalamu wa kazi hii, wakasema kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja tangu kazi ianze mpaka faida ionekane. Jipangie muda huo. Ni mrefu, lakini wewe umesubiri miaka tisa kutoka beseni mpaka kibanda.

Zile kazi tatu za kwenye karatasi yake nitazipitia haraka. Orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa haina kazi kwa Google. Walitangaza tangu Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Viungo 1,000 vya kununua ni hatari. Ni kweli kwamba tovuti nyingine ikikutaja na kuweka kiungo, yaani maandishi ambayo mtu akiyabonyeza anafika kwako, Google huichukulia kama ushuhuda, ndiyo maana watu wakaanza kuuziana ushuhuda wa uongo. Google walilitungia dawa mwaka 2012, na mpaka leo kununua viungo ni kinyume cha kanuni zao. Ukiwa na bahati havitahesabiwa, usipokuwa nayo tovuti yako itashushwa. Kiungo kimoja kutoka kwa mgahawa wa Sinza unaopika dagaa wako na umeandika kwenye tovuti yao "dagaa wetu tunawatoa kwa mama huyu wa Ujiji" kina uzito ambao mzigo ule hauna.

La Kariakoo ndilo limenisikitisha zaidi, kwa sababu linakutaka useme uongo juu ya kitu ambacho ndicho fahari yako. Ramani ya Google, ile huduma inayoitwa Google Business Profile, ni ya bure na uisajili mwenyewe, lakini kwa mahali ulipo kweli. Mtu anapotafuta duka kwenye ramani, Google humpangia matokeo kwa mambo matatu: kama duka linahusiana na alichoandika, liko umbali gani naye, na linajulikana kiasi gani. Ukijiweka Kariakoo, mteja ataenda, hatakukuta, ataandika maoni ya hasira, na Google wakigundua wanaifunga akaunti. Usiweke hata Stendi ya Magufuli pale Mbezi kwa sababu tu mzigo wako unashukia hapo. Jiandikishe Ujiji. Weka picha ya kibanda chako kama kilivyo, namba yako, saa za kufungua. Mgeni anayeshuka treni pale stesheni Kigoma na kutafuta dagaa wa kupeleka nyumbani atakuona. Mteja wa Dar naye akikuona uko Ujiji, kando ya ziwa lenyewe, ataamini kuliko angekuona Kariakoo. Waombe wateja waliokwisha kununua waandike maoni, wale wa kweli tu, na usiwape zawadi wala punguzo kwa ajili hiyo, maana nalo limekatazwa. Akilalamika mtu, mjibu palepale kwa adabu.

Hapo tumeondoa turubai. Kuna meza yenyewe sasa, na hapa ndipo nataka unisikilize sana.

Tovuti yako haizungumzi juu ya dagaa. Niliupekua ukurasa wa mwanzo wote. Maneno "dagaa wa Kigoma" yapo mara moja, na hapo yako ndani ya picha ya bango. Maandishi mengine yote ni Kiingereza cha mazao bora ya ziwani na huduma ya viwango vya kimataifa. Jina la ukurasa, lile linaloonekana kwa herufi kubwa kwenye matokeo ya Google, limeandikwa "Home". Sasa fikiria dada, mama mmoja yuko Tabata, amechoka na dagaa wenye mchanga, anaandika kwenye simu "dagaa wa Kigoma wasio na mchanga bei gani". Google anaangalia orodha yake atafute nani amejibu hilo. Wewe unaweza kujibu kuliko mtu yeyote, lakini hujaandika popote.

Chukua daftari. Fungua WhatsApp yako, rudi nyuma miezi sita, na uandike kila swali ambalo mteja amekuuliza kabla ya kutuma hela. Yaandike kwa maneno yake, usiyanyooshe. Akiandika "dagaa hawana mchanga?" liandike hivyohivyo. Ndani ya hiyo simu mna utafiti wa soko ambao kampuni kubwa zinalipia fedha nyingi, na wewe umeukusanya bure kwa miaka. Mume wako ana haki anaposema wateja wako WhatsApp. Ila WhatsApp inampata mtu ambaye tayari ana namba yako, na status inaisha baada ya saa 24. Jibu ulilompa mteja mmoja usiku wa Jumatano limezikwa humo. Likiwekwa kwenye tovuti litamjibu na yule wa Tabata ambaye hajawahi kukusikia.

Najua baadhi ya maswali hayo kwa sababu mimi pia ni mlaji wa dagaa. La mchanga ndilo la kwanza. Andika ukurasa mzima juu yake. Eleza kwamba kuna dagaa wanaoanikwa chini mchangani na kuna wanaoanikwa kwenye chanja, mnatofautishaje kwa macho, mkononi na mdomoni, na wako wanaanikwa wapi. Piga picha chanja zako asubuhi, jua likiwa limetoka, na wale kina mama wawili wakigeuza, kama wataridhia kupigwa picha. Usichukue picha ya ziwa ya mtu mwingine mtandaoni.

La pili ni bei, kwa nini leo ni hii na wiki ijayo ni nyingine. Wewe unajua: wavuvi wanawavuta dagaa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti kama gizani, mavuno yanapungua, mwaloni bei inapanda. Mteja wa mjini hajui, anadhani unamlangua. Mweleze. Mwambie wiki gani za mwezi aagize. Mtu aliyejibiwa hivyo hakimbilii kwa muuzaji mwingine kwa tofauti ya shilingi mia tano.

La tatu ni ziwa linapofungwa. Unakumbuka mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Mimi mwenyewe nilikuwa napiga simu huku na huku nikiuliza dagaa wamekwenda wapi, na wengine wakaniuzia dagaa wa Ziwa Victoria kwa jina la Kigoma. Ukurasa unaoeleza utaratibu huo, una akiba kiasi gani wakati kama huo, na jinsi ya kumtambua dagaa wa Tanganyika, utatafutwa na watu wengi hasa wakati ambapo biashara yako ni ngumu.

Halafu kuna mawese. Mtu wa Dodoma anayapokea mwezi wa saba asubuhi yameganda, anadhani yameharibika au yamechanganywa na kitu. Aya nne zinatosha kumweleza kwamba mawese huganda kwa baridi na huyeyuka yakipata joto, na hiyo ni tabia yake. Migebuka nao wapewe ukurasa wao: ukubwa, wanakaushwaje, wanakaa muda gani, wanalowekwaje kabla ya kupikwa. Na ukurasa wa usafirishaji: basi linaondoka lini, mzigo unafika baada ya siku ngapi, nani analipa nauli ya mzigo, ukifika umelowa inakuwaje. Hili la mwisho watu huogopa kuliandika. Liandike, maana ndilo linalomfanya mgeni asiyekujua athubutu kukutumia hela.

Kila ukurasa uwe na jina linalosema kilichomo. Ule wa dagaa uitwe kitu kama "Dagaa wa Kigoma wakavu, wa chanja, bei kwa kilo na kusafirisha Dar na Dodoma". Usirudie maneno "dagaa wa Kigoma" kila mstari kama kibwagizo. Google ameshazoea ujanja huo na msomaji anachoka. Andika kama unavyomwandikia mteja. Bei iwe maandishi, isiwe ndani ya bango la picha, na ukibadilisha weka tarehe.

Kuna jambo la picha ambalo kijana wako alirekebishe. Ile picha kubwa ya juu ina megabaiti sita. Kwenye simu yangu ilichukua muda mpaka nikadhani mtandao umekatika. Google wanapendekeza kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na tangu miaka kadhaa sasa wanaisoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu, siyo kwenye kompyuta. Lakini hata bila Google, mteja wako anatumia bando. Picha ileile ikipunguzwa mpaka chini ya kilobaiti 200 bado ziwa litaonekana zuri.

Kuhusu Kiingereza, kiondoe. Wanaonunua kilo tatu, gunia, ndoo ya mawese, wanatafuta kwa Kiswahili, na kurasa zinazojibu maswali haya kwa Kiswahili kizuri ni chache. Hiyo ni nafasi yako. Ukianza kupata wanunuzi wa nje ya nchi utaongeza ukurasa mmoja wa Kiingereza, ulioandikwa na mtu anayekijua, na wewe uelewe kila neno lililomo. Duka ni lako, dada, haifai liseme maneno ambayo mwenyewe huwezi kuyatetea mbele ya mteja.

Usijaribu kuandika kurasa zote wiki moja. Andika ya mchanga kwanza. Wiki mbili baadaye ya bei na mwezi. Kama kuandika kunakuchosha, mwambie mwanao mkubwa aandike wakati wewe unaongea, kisha usisahihishe sana. Kijana wako wa tovuti, kama ni mwelewa, mnaweza kukubaliana umlipe kidogo kwa kila ukurasa anaoupandisha na kwa kupunguza picha. Hiyo ni kazi halali na anastahili ujira wake.

Ukurasa wa mchanga ukishaingia Google, Search Console itakuonyesha. Siku hiyo niandikie. Nitatafuta kwa simu yangu "dagaa wa Kigoma wasio na mchanga", na hata kama utakuwa ukurasa wa tatu nitakufuata mpaka huko. Niwekee kilo mbili, bei ileile unayowauzia wateja wengine, na nauli ya basi nitalipa mimi.